SOMO: Kutambua na kupanda mtandamboo (soma kabla ya kuuliza)

Kila mvua zikikaribia zinakuja picha za kichaka chenye maua meupe na swali lilelile: "Wakuu, huu unaliwa?" Naandika mara moja, baada ya hapa nitawaelekeza huku tu.

Mtandamboo ni kichaka cha porini kwetu chenye tunda linaloliwa (kwa jina la kisayansi Carissa). Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa, Wamaasai olamuriaki. Majani magumu yanayong'aa, mawili mawili yakitazamana. Maua meupe ndani, waridi nje, yananukia kama asumini. Tunda likiiva ni jeusi la zambarau, tamu.

1. Hakikisha mti. Hapa usikimbie. Msungu (Acokanthera) ni wa ukoo huohuo: nao una maua meupe yanayonukia, majani yanayotazamana, utomvu mweupe na tunda la zambarau. Magome na matawi yake ndiyo yaliyochemshwa kupata sumu ya mishale. Waliangulu, wawindaji wa Tsavo nchini Kenya, waliitumia kuulia tembo. Sumu hiyo, ouabaini, hushambulia moyo. Kwa hiyo tafuta MIIBA. Mtandamboo una miiba migumu iliyonyooka, msungu hauna. Mtandamboo mwingine una miiba michache, basi zunguka kichaka chote. Huoni mwiba? Usionje, usichume, na usivunje kijiti cha kuchomea nyama. Utomvu hautofautishi. Ndege kula hakuthibitishi kitu.

2. Chuma yaliyoiva kabisa, kamua, osha mbegu hadi ute uishe.

3. Sia mbegu kabla hazijakauka, kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, juujuu tu. Kivuli chepesi, unyevu bila kutota.

4. Miche ikipata majani kadhaa, hamishia kwenye viriba.

5. Panda shambani mvua zikianza, penye jua, maji yasituame.

MASWALI

– Mkuu, wangu una maua meupe na harufu kali. Ni wenyewe?
Miiba iko wapi? Hatua ya 1.

– Mbona mimi nilikula tunda la usio na miiba na nipo hai?
Kuwa hai si kipimo cha mti. Ukitapika au mapigo ya moyo yakivurugika, wahi hospitali, na uende na tawi lake.

– Shikamoo mwalimu. Nimeufanya uzio, naukata kila mara unyooke, lakini hautoi maua. Nimekosea wapi?
Marahaba. Swali zuri. Maua hutoka kwenye ncha za matawi, kwa hiyo kila unapopunguza unaondoa maua yajayo. Subiri matunda yaishe ndipo upunguze, au kata upande mmoja mwaka huu, wa pili mwakani. Na uvumilie, hukua polepole.

– Kwetu Kajiado mizizi yake tunatia kwenye supu ya nyama.
Ni kweli, Wamaasai wengi hufanya hivyo. Lakini usichimbe mizizi ya mti ambao hukuuona una miiba.

– Mbuzi wamemaliza miche yangu yote, pamoja na miiba!
Miche michanga wanaila hivyo hivyo. Zungushia matawi makavu ya mgunga hadi ifike kiunoni.