Namna ya Kumsaidia Kijana Anayekatikiwa na Usingizi Usiku

Mzazi anapolalamika kwamba mwanawe wa miaka 13 au 14 halali, mara nyingi ukimdadisi utagundua kwamba mtoto huyo hulala vizuri tu saa nne usiku, ila usingizi humkatikia saa saba, saa tisa au saa kumi, akabaki akigeukageuka kitandani mpaka wakati wa kujiandaa kwenda shule. Hali hiyo si sawa na ya mtoto anayechelewa kupata usingizi, wala matibabu yake si yale yale. Kabla ya kubadilisha lolote nyumbani, inafaa kujua anaamka saa ngapi na anaamka vipi, kwa sababu saa ya kuamka huonyesha chanzo kwa uwazi zaidi kuliko maelezo anayotoa asubuhi huku amekasirika na macho yamemwiva.

Ieleweke pia kwamba kuamka kwenyewe si ugonjwa. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na baina ya mzunguko na mzunguko kila mtu huzinduka kidogo, akajigeuza, akalala tena bila kukumbuka. Kinachohitaji msaada ni kushindwa kurudi usingizini. Vijana wa miaka 13 hadi 18 huhitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kwa siku, na wanapobalehe saa ya mwili wao husogea, usingizi ukachelewa kuja. Kwa hiyo mzazi anayemlazimisha kijana wake kulala saa mbili usiku ili afidie usingizi uliopotea anaweza kuzidisha tatizo, maana muda mrefu kitandani kupita mahitaji ya mwili huukatakata usingizi.

Mpe kijana daftari aandike kwa muda wa wiki mbili. Kila asubuhi, wala si usiku, aandike alipanda kitandani saa ngapi, anakadiria aliamka mara ngapi na wakati gani, ni nini kilichomwamsha, na alikunywa nini tangu mchana. Wewe ongeza yale asiyoweza kuyajua mwenyewe: kukoroma, kukohoa, kuweweseka, kusaga meno, kutokwa na jasho. Usimfanye aangalie saa kila anapozinduka, kwani kuhesabu saa zilizobaki kabla ya alfajiri ni njia ya hakika ya kubaki macho.

Ikiwa anashtuka ndani ya saa moja hadi tatu baada ya kulala, akapiga kelele au kuketi huku macho yamefunguka lakini hakusikii, na asubuhi hakumbuki chochote, basi hiyo ni hofu ya usingizi mzito. Usimwamshe kwa nguvu wala kumhoji. Mlinde tu asijikwae au kutoka nje, naye atalala tena. Hali hii huongezeka mtoto anapokuwa na homa au uchovu, na kwa wengi huisha kadiri wanavyokua. Katika nyumba nyingi huelezwa kuwa ni majini au uchawi. Dua au sala kabla ya kulala haina madhara na huwatuliza wengi, lakini kumwambia kijana kwamba anafuatwa na kitu ni kumwongezea hofu atakayolala nayo kesho. Iwapo viungo vinakakamaa au kutikisika, anajiuma ulimi au anajikojolea akiwa katika hali hiyo, mpeleke hospitali achunguzwe kifafa.

Kuamka katikati ya usiku mara nyingi hutokana na mwili, na hapa ndipo daftari linapolipa. Mkojo wa mara moja baada ya vikombe viwili vya chai ni jambo la kawaida, lakini kijana anayekojoa mara kwa mara, mwenye kiu isiyokwisha na anayepungua uzito, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Mwenye ugonjwa wa selimundu huamka kukojoa kwa sababu figo zake haziwezi kukoleza mkojo inavyopaswa, hivyo hutoa mkojo mwingi. Huyo asinyimwe maji hata kidogo. Mwasho wa njia ya haja kubwa usiku huwa ni wa minyoo midogo inayotoka kutaga mayai wakati huo, na mwasho wa vidole, viganja na kiuno unaozidi usiku huweza kuwa upele. Yote mawili hutibiwa kwa watu wote wa nyumba kwa pamoja, la sivyo yatarudi. Homa na jasho zimaanishe kipimo cha malaria katika kituo cha afya au kwa mhudumu wa afya wa kijiji, kwani dawa za kubahatisha huficha ugonjwa mwingine.

Kikohozi au kifua kinachobana karibu na alfajiri huelekea kwenye pumu. Kukoroma kwa nguvu kunakokatishwa na vipindi vya kutopumua kunahitaji daktari aangalie koo na pua.

Ndoto mbaya zinazokumbukwa vizuri huja zaidi katika nusu ya pili ya usiku. Kwa familia zilizokimbia vita na sasa zinaishi katika makazi ya wakimbizi ya Uganda kama Nakivale, Kyaka II au Kyangwali, ndoto hizo zinaweza kuwa kumbukumbu zenyewe zikirudi. Kwa wengine chanzo ni karo isiyolipwa, mtihani wa PLE wa kumaliza shule ya msingi, ugomvi wa wazazi, au mtu mzima anayemgusa isivyofaa. Usimuulize usiku. Muulize mchana mikono ikiwa na kazi, mkimenya matoke au mkienda kuteka maji, kisha unyamaze umsikilize. Akitaja unyanyasaji, piga 116, simu ya bure ya kulinda watoto nchini Uganda.

Yuko pia kijana anayeamka saa kumi alfajiri kila siku ya likizo bila maumivu wala ndoto. Shule nyingi za bweni huwaamsha wanafunzi kabla ya mapambazuko wakasome, na mwili uliozoea kengele huisikia hata ikiwa haipo. Huyo aachwe gizani, asipewe kazi wala simu saa hiyo, na baada ya siku kadhaa usingizi utaanza kusogea wenyewe. (Kama shule inayomwamsha saa kumi inampeleka kitandani saa tano, tatizo si la mtoto, na linafaa kuzungumzwa kwenye mkutano wa wazazi.)

Baada ya hapo rekebisha mchana wake. Anza na saa ya kuamka asubuhi, iwe ile ile hata Jumapili, na atoke nje kwenye mwanga. Uganda iko kwenye ikweta, jua huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, kwa hiyo kupanga hili ni rahisi. Akirudi jioni kutoka shuleni asilale. Chai ya majani, kahawa, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vikome mchana, kwa kuwa nusu ya kafeini hubaki mwilini saa tano hivi baada ya kunywa. Chakula cha jioni kwetu huiva saa tatu au nne. Kama familia haiwezi kubadilika, mpakulie yeye mapema, na asilale njaa pia. Simu zote, yako ikiwemo, zichajiwe nje ya chumba chake. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro. Katika maeneo ya baridi kama Kabale, sigiri yenye makaa isiingizwe ndani kamwe, maana hewa yake ya sumu huua watu wakiwa wamelala.

Akiamka na kuona usingizi haurudi baada ya kama dakika 20, atoke kitandani, aketi mkekani penye mwanga hafifu, asome kitu kisichosisimua au avute pumzi polepole, arudi akisinzia. Akikuita, "Mama, nimeamka tena," jibu kwa sauti ya chini: "Pole mwanangu, kaa hapo kidogo, ukisinzia urudi," na maneno yaishie hapo.

Usimpe Piritoni, dawa ya kikohozi wala vidonge vya usingizi vya mtu mwingine ili alale. Humwacha mzito darasani na haviondoi chanzo. Kama wiki nne za utaratibu huu hazijaleta nafuu, au anasinzia mchana, amepoteza hamu ya kula au anasema hataki kuishi, nendeni kituo cha afya na lile daftari mkononi. Jambo hilo la mwisho halingojei wiki wala siku, na wahudumu wanaweza kumpeleka kwa wataalamu wa afya ya akili wa hospitali ya rufaa. Muhula ukifika kabla hajapona, mwandikie matroni barua fupi ueleze saa anazoamka, dawa anazotumia, na ombi kwamba kitanda chake kiwe mbali na mlango na taa ya ukumbi.