Delhi mpaka Tokyo ni masaa mangapi kwa ndege? Piga hesabu hivi

Wengi wakitaka kujua muda wa safari wanachukua saa ya kufika wanatoa saa ya kuondoka basi, na hilo jibu sio, maana kila saa kwenye tiketi imeandikwa kwa saa za mji husika.

Anza na umbali. Pima wa angani, achana na wa barabara, utapata kama kilometa 5,850. Ukiona mstari umejipinda kuelekea kaskazini usishangae, dunia ni duara kwa hiyo njia fupi ukiilaza kwenye ramani inapinda. Ila ndege nyingi haziufuati mstari huo, kwa sababu unapita juu ya Tibet ambako ardhi yenyewe kwa wastani iko juu zaidi ya mita 4,500, na hewa ikipungua ndani ya ndege rubani anatakiwa ashuke haraka mpaka mita 3,000 hivi ili watu wapumue, sasa pale atashukia wapi? Ndo maana wanapita kusini ya milima ya Himalaya kwanza, kilometa zinaongezeka kidogo.

Gawanya hizo kilometa kwa 850, spidi ya kawaida ya ndege kubwa kwa saa, unapata karibu masaa 7, halafu ongeza kama nusu saa au zaidi ya kuzunguka uwanjani, kupaa na kutua. Kwenda Tokyo inakuja saa 7 na nusu mpaka 8.

Kurudi sasa ndo kwenye kazi. Huko juu kilometa 10 hivi kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, na maeneo ya Japani wakati wa baridi mara nyingi unazidi kilometa 200 kwa saa. Ukienda unakusukuma, ukirudi unapambana nao, kwa hiyo weka saa 9 mpaka 10. Kama una ndege nyingine ya kuunganisha Delhi, nakusihi usipange kwa muda wa kwenda, utaachwa.

Halafu tofauti ya saa: Tokyo iko mbele kwa saa 3 na nusu, na ni hivyo mwaka mzima kwa sababu India na Japani zote hazisogezi saa kwa misimu. Ukienda unaitoa, ukirudi unaijumlisha. Mfano tiketi inasema unatoka Delhi 20:00 unafika Tokyo 07:15 kesho yake, hapo kuna saa 11 na robo, toa 3 na nusu, umeruka saa 7 na dakika 45. Kurudi unatoka 11:30 unafika 17:30, inaonekana saa 6 tu, jumlisha 3 na nusu inakuwa 9 na nusu.

Na angalia kwenye tiketi kama imeandikwa HND (uwanja wa ndege wa Haneda) au NRT (uwanja wa Narita), maana Haneda iko ndani ya Tokyo ila Narita ni kama kilometa 60 kutoka katikati ya mji, hiyo safari ya treni nayo iweke kwenye hesabu.