Amplifaya ya gari inazima zima yenyewe? Kabla hujanunua nyingine shika tesita kwanza

Wadau mambo, mi niko Tanga, hii ni kwa wenye gari imefungwa mziki alafu kila ukipandisha sauti besi inakata, kimya sekunde kadhaa, inarudi, inakata tena. Yalinikuta na yamenila hela ya bure.

Nina Noah naitumia kwenye shughuli, maharusi, safari za Pangani, vitu kama hivyo. Siku hiyo tunampeleka bwana harusi Pongwe, singeli imekolea, vijana wametoa vichwa madirishani, amplifaya ikakata. Ikarudi, kufika kwenye tuta ikakata tena, mpaka wamama wa siti ya nyuma wakaamua kupiga makofi na kuimba wenyewe. Aibu ile acha tu. Fundi niliyempelekea akaifungua, akainusa, akasema imeungua hii tafuta nyingine. Nikatafuta. Na mpya nayo siku ya pili ikakata vilevile, hapo ndo akili ikanikaa sawa kwamba ugonjwa hauko kwenye boksi.

Kitu cha kuelewa ni kwamba amplifaya ikizima mara nyingi inajilinda, haijafa. Inajilinda umeme ukiifikia mdogo, spika zikiwa mzigo mkubwa au zina shoti, au ikichemka. Kwahiyo angalia inazima SAA NGAPI. Ikizima besi inapogonga tu, wazia umeme na ethi, yani waya wa negativu unaofungwa kwenye bodi ya gari. Ikipiga vizuri nusu saa ndo ikate na ukiigusa inaunguza, hilo joto. Ukiwasha tu taa nyekundu ya protekti (ya kujilinda) inawaka hata sauti hujafungua, hapo spika au waya wa spika. Na kama inazima taa zote bila hata hiyo nyekundu, basi ni waya wa rimoti, ule mwembamba wa toka kwenye redio unaoiwasha amplifaya, au fyuzi inayochezacheza.

Anza na umeme maana ndo wengi wanaponaswa. Chukua tesita yoyote, mita ya kupimia volti, hata ile ya njano ya bei chee, weka volti za DC kwenye 20. Gari ikiwa imezimwa betri nzima inasoma kama 12.6, ukiwasha injini inatakiwa iende 13.8 mpaka 14.4 hivi, ikibaki 12 na kitu basi altaneta haichaji na hapo usihangaike na mziki kwanza. Kama betri iko sawa nenda nyuma upime palepale kwenye skrubu za amplifaya, posi na ethi, mziki ukiwa juu, sio kimya, ukipima kimya itakudanganya kila kitu kiko poa. Mi mbele nilikuwa na 14 nyuma besi ikigonga inashuka 10 na pointi. Volti zaidi ya tatu zimepotelea njiani!

Zimepotelea upande gani? Unga waya mrefu kwenye kidole kimoja cha tesita uguse negativu ya betri, kingine gusa skrubu ya ethi ya amplifaya, mwenzako apandishe sauti. Ikizidi kama nusu volti ethi yako mbovu. Yangu ilisoma mbili na nusu. Alafu fanya hivyohivyo upande wa posi, toka betri mpaka amplifaya.

Basi nikafunua kapeti. Waya wa ethi ulikuwa umebanwa kwenye bolti ya siti, juu ya rangi, yani kilichokuwa kinapitisha umeme ni nyuzi za hiyo bolti peke yake, na shaba imeota unga wa kijani, nikiivuta kidogo nyuzi zinakatika kama majani makavu. Gari za huku kwetu zinakula upepo wa chumvi kila siku, ukipenda kupaki Raskazone jioni ndo kabisa. Dawa yake: chomoa negativu ya betri kwanza, tafuta sehemu ya bodi yenye chuma kinene, isiwe bolti ya mkanda wala ya siti, piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe kinang'aa, bana kichwa cha waya moja kwa moja kwenye chuma, kaza kwelikweli, alafu ndo upake grisi kwa juu kuzuia kutu. Waya wa ethi uwe mnene sawa na wa posi na uwe mfupi, usizidi nusu mita.

Na waya wenyewe uukwaruze na kisu. Ukiona ndani mweupe umeuziwa alumini iliyopakwa shaba, unaonekana mnene lakini haupitishi kama shaba tupu. Amplifaya inayotoa wati 500 za kweli inaweza kuvuta ampea 50 na zaidi, sio mchezo. Gusa pia kishikio cha fyuzi pale karibu na betri, kikiwa cha moto kimelegea. Kama huna fyuzi kabisa pale mbele, weka leo, isizidi sentimita 45 toka betri, waya ukigusa bodi bila fyuzi gari inawaka moto.

Umeme ukiwa sawa, chomoa nyaya zote za spika uwashe. Ikitulia, tatizo ni spika. Weka tesita kwenye omu (kipimo cha ukinzani) upime moja moja, ya omu 4 inasoma kama 3.2 mpaka 3.8. Alafu pima kila waya wa spika na bodi, isisome kitu. Omu zikishuka ndo mzigo unakua: sabufa ya koili mbili za omu 4 ukiziunga sambamba (posi kwa posi, negativu kwa negativu) unapata 2, ukifunga mbili za hivyo zote sambamba unapata 1, na amplifaya nyingi ukiziunga briji (chaneli mbili zipige kama moja) hazitaki chini ya 4. Soma kilichoandikwa ubavuni.

Joto: usiifunike na kapeti wala kuibana chini ya boksi la sabufa, na ile geini, kinobu cha kwenye amplifaya, sio volyumu, iliyofunguliwa mpaka mwisho inachemsha tu.

Rimoti kuna mtego mmoja. Redio nyingi zina waya wa buluu wa antena na wa buluu na nyeupe wa amplifaya. Fundi akikuungia ule wa antena, ukiwa FM inapiga, ukihamia USB inazima, utatafuta mchawi.

Kama umechomoa spika, umeme safi, na bado nyekundu inawaka, hapo ndo imekufa ndani, mpelekee fundi wa elektroniki.

Yangu ile iliyonuswa nikairudisha juu ya ethi mpya na ndo iko kwenye Noah mpaka leo, mpya nimemuuzia shemeji kwa hasara na ananisumbua eti inazima zima, nimemwambia afunue kapeti.