Kubadili Breki za Mbele za Pikapu ya Zamani Kutoka Ngoma Hadi Diski kwa Braketi za Kujitengenezea

Pikapu nyingi za zamani zilitoka kiwandani zikiwa na breki za ngoma katika magurudumu yote manne. Breki hizo hushika vizuri zikiwa zimepoa na zimerekebishwa sawasawa, lakini zikikanyagwa mfululizo kwenye mteremko mrefu huku gari likiwa na mzigo, ngoma hupata joto, hutanuka na kujitenga na lainingi (vipande vya msuguano vinavyoisugua ngoma kwa ndani), na pedali huanza kuzama. Diski iko wazi kwa hewa, ikitanuka huzifuata pedi (vipande vya msuguano vinavyoibana pande zote mbili) badala ya kuzikimbia, na maji yakiingia hutupwa nje inapozunguka.

Mwongozo huu unahusu ekseli ya mbele peke yake. Gari linapofunga breki uzito wake huhamia mbele, kwa hiyo huko ndiko faida kubwa ilipo, na ngoma za nyuma zikibaki, breki ya mkono hubaki kama ilivyokuwa. Asiyewahi kufungua breki za gari lolote asianzie hapa, na mahali ambapo sheria inataka gari lililobadilishwa likaguliwe, ukaguzi ufanyike kabla gari halijarudi barabarani.

Hatua ya 1: Vipuri kwanza, vipimo baadaye

Chukua diski, kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) na pedi za modeli moja ya gari lenye uzito unaokaribiana na pikapu yako au kuuzidi, kwa sababu vipuri hivyo vimekwisha kulinganishwa na watengenezaji wake. Kalipa ya kuteleza yenye pistoni upande mmoja ndiyo nafuu kwa kazi hii, kwani husamehe tofauti ndogo ya upana ambayo kalipa isiyoteleza haiisamehe. Kisha laza rimu tupu sakafuni, weka diski na kalipa ndani yake jinsi vitakavyokaa, na uzungushe kwa mkono. Pasipobaki nafasi ya angalau milimita 3 kati ya kalipa na rimu kila mahali, tafuta rimu kubwa zaidi au diski ndogo zaidi. Usijiridhishe kwamba utaisaga kalipa kidogo ipite.

Hatua ya 2: Kuvua na kusafisha

Inua gari, liweke juu ya stendi imara na uzuie magurudumu ya nyuma. Vumbi la lainingi za zamani huenda likawa na asbesto, hivyo lilowanishe kwa maji na kulifuta kwa kitambaa. Usilipulize kwa kompresa. Vua ngoma, habu (kitovu kinachozungusha gurudumu), lainingi na sahani ya nyuma ya breki. Mahali palipofungwa boliti za sahani hiyo, kwenye kifundo cha usukani, ndipo patakapobeba braketi, yaani bamba litakaloishikilia kalipa, kwa hiyo safisha uso wa hapo hadi chuma kionekane na uchunguze nyufa kuzunguka matundu. Ukiona ufa, sehemu hiyo haifai tena, na kuichomelea si suluhisho.

Habu nyingi za zamani zimeungana na ngoma kupitia boliti za gurudumu. Zitenganishe kwa mashine ya kusukuma, kisha peleka habu kwa fundi mkerezaji aikereze hadi tundu la katikati la diski likae juu yake bila kucheza. Diski iongozwe na habu, si na boliti za gurudumu, la sivyo itayumba.

Hatua ya 3: Kupima, ambako kazi yote hutegemea

Rudisha habu ikiwa na beringi zenye grisi mpya, zirekebishe, kisha funga diski kwa nati za gurudumu na washa ili ikae kama itakavyokaa siku zote. Weka geji ya sindano karibu na ukingo wa diski na uizungushe polepole. Sindano ikicheza zaidi ya milimita 0.1, tafuta sababu sasa hivi: aghalabu ni kutu au uchafu uliobaki kati ya diski na habu.

Sasa valisha kalipa kwenye diski ikiwa na pedi mpya. Ingiza vipande vya bati vya unene ule ule pande zote mbili kati ya pedi na diski, halafu ibane kalipa kwa klampu hadi itulie yenyewe. Isogeze mpaka ukingo wa juu wa pedi uwe milimita 1 au 2 ndani ya ukingo wa diski. Pedi ikichomoza nje hujijengea mdomo usiolika, na ikikaa ndani mno huacha ukanda wa kutu na kupoteza nguvu. Nipo ya kutolea upepo (kijibomba cha kalipa cha kutolea hewa iliyo ndani ya mafuta ya breki) lazima iwe juu kabisa, kwa kuwa upepo hupanda, na kalipa ikifungwa nipo ikiwa chini hakuna namna ya kuumaliza.

Katika hali hiyo chukua venia (kipimio cha milimita chenye taya) na upime umbali kutoka uso wa masikio ya kalipa hadi uso wa pale sahani ya breki ilipokuwa. Pima kwenye sikio la juu na la chini. Vipimo viwili vikitofautiana, kalipa imeinama na pedi zitalika kama kabari. Iweke upya hadi vilingane. Ndipo ukate kiolezo cha kadibodi ngumu, uhamishie matundu yote kwenye mbao nyembamba, uifunge mahali pa braketi na kuijaribu kwa kalipa yenyewe. Mimi sikati chuma kabla ya kiolezo cha mbao kuingia bila kulazimishwa, kwa sababu mbao ni rahisi kutupa na kuanza tena.

Hatua ya 4: Kukata braketi

Fikiria kwanza nguvu itakayopita hapa. Pikapu ya kilo 2,000 ikifunga breki kwa nguvu, kila gurudumu la mbele linaweza kuhitaji kusukumwa nyuma kwa nyutoni 6,000 hivi. Gurudumu lenye nusu kipenyo cha mita 0.36 hugeuza nguvu hiyo kuwa mzunguko wa nyutoni-mita 2,160, na kalipa inayokamata diski mita 0.12 kutoka katikati hulazimika kuikabili kwa nyutoni 18,000, ambazo ni kama uzito wa zaidi ya tani moja na nusu ukiivuta braketi kila unapokanyaga.

Kwa sababu hiyo tumia bamba jipya la chuma laini lenye unene wa milimita 12, si alumini wala chuma cha kuokota usichokijua. Ukikata kwa moto, acha milimita 3 nje ya mstari na uzimalize kwa kusaga, maana ukingo ulioungua huwa mgumu na hupasuka. Kona za ndani zizungushwe, kwa kuwa ufa huanzia penye kona kali. Kila tundu liwe mbali na ukingo kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja na nusu cha boliti, ukipimwa kutoka katikati ya tundu. Toboa kwa keekee ndogo kwanza, kisha ukamilishe kwa kipimo kinachoikumbatia boliti. Mabamba mawili yabanwe pamoja na kutobolewa kwa mara moja ili kushoto na kulia kulingane.

Kama uso wa kalipa hauko sawa na uso wa msingi, yaani pale sahani ya breki ilipokuwa, pengo lijazwe kwa bushi moja ngumu iliyokerezwa kwa kipimo. Usirundike washa na usikunje bamba. Vilevile usichomelee braketi kwenye kifundo cha usukani, kwani joto hubadili chuma ambacho kinalibeba gurudumu zima.

Boliti ziwe za daraja la 10.9, na sehemu isiyo na hesi ndiyo ipite mahali braketi inapokutana na msingi. Zikaze kwa spana ya kupimia mkazo kulingana na jedwali la kipenyo chake, ukiwa umepaka gundi ya kuzuia kulegea.

Hatua ya 5: Mpira wa breki

Funga mpira mpya unaopeleka mafuta ya breki kwenye kalipa, kisha zungusha usukani hadi mwisho wa pande zote mbili, gari likiwa limeinuliwa na tena likiwa limekaa chini. Mpira usivutike, usijisokote, wala usiguse tairi.

Hatua ya 6: Masta silinda na vali

Hapa ndipo ubadilishaji mwingi huharibikia, hata braketi zikiwa safi. Masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) ya breki za ngoma huwa na vali ndogo inayobakiza shinikizo la takribani psi 10 (psi ni kipimo cha shinikizo) kwenye bomba. Nyuma vali hiyo inahitajika, lakini ikiachwa kwenye njia ya mbele, pedi hazitaachia diski na zitaungua. Masta silinda ikiwa chini ya sakafu, chini ya usawa wa kalipa, weka vali ya psi 2 kwenye njia ya mbele ili mafuta yasirudi nyuma kwa uzito wake.

Ikiwa gari lina masta silinda ya njia moja, naona hii ndiyo nafasi ya kuweka ya njia mbili, kwani bomba moja likipasuka leo unapoteza breki zote. Chagua yenye tangi kubwa upande wa diski, maana pistoni za kalipa humeza mafuta mengi kadiri pedi zinavyolika. Diski pia haijivuti yenyewe kama lainingi za ngoma, hivyo pedali itakuwa nzito bila busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu. Kwenye njia ya nyuma weka vali ya kurekebisha shinikizo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge kabla ya mbele.

Hatua ya 7: Kutoa upepo na kujaribu

Jaza mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4, na usichanganye na DOT 5 ya silikoni. Anza kutoa upepo kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kanyaga pedali kwa nguvu zote injini ikiwaka huku mwenzako akiangalia kila kiungo na akitazama kama braketi inajikunja.

Jaribu kwanza mwendo wa kutembea, mahali pa wazi. Kisha zizoeshe pedi kwa kupunguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 15 mara kumi hivi bila kusimama kabisa, na uendeshe polepole hadi zipoe. Baada ya kilomita 100, vua magurudumu, kagua mkazo wa kila boliti na ulinganishe unene wa pedi kwenye ncha zake mbili. Zikiwa zimelika kwa kutofautiana, rudi kwenye vipimo vya hatua ya 3.