Fimbo ya Bafilipino: namna ya kutunza uzuri yake bila kusahau kujilinda

Karibu kila mwezi mutu mupya anaingia mu parsele yetu hapa Goma, anasimama kando ya ukuta ya mawe, anaangalia batu babili bako nachezesha fimbo ine tak-tak-tak kama mvua juu ya mabati, kisha ananiuliza swali ile ile: yaya, hii ni danse ao ni kujilinda? Mbele nilikuwaka najibu eti ni vyote mbili, nacheka, napita. Ile jibu ilikuwa ya kukimbia swali. Siku hizi naambia mutu hivi: inategemea kama unajua kila zoezi iko ya nini, juu kuko zoezi ya kufundisha mukono na kuko zoezi ya kuona kama mukono imejifunza, na ukizichanganya utakuwa muchezaji muzuri mwenye atapigwa.

Kwa bale habajui: arnis, eskrima na kali ni majina tatu ya kitu karibu moja, inatoka Ufilipino, na mu 2009 kule walipitisha sheria yenye ilifanya arnis kuwa mchezo ya taifa. Kila klabu iko na hesabu yake, bengine banahesabu pembe 12 za kupiga, bengine 5, Doce Pares ya Cebu iko tangu 1932, ba Balintawak bo banapenda fimbo moja na kusimama karibu karibu sana. Usimalize bundle yako yote ya intaneti ukitafuta gani iko ya kweli. Anza na yenye uko na mutu wa kukufundisha.

Fimbo kwanza. Urefu karibu sentimeta 70, unene kama 2 na nusu, na kama unapata rotini, ile banasukiaka viti, chukua rotini. Mi nilianza na karatusi juu iko fasi yote na ni bei kidogo, lakini karatusi iko nzito, inachosha kiwiko, na ikivunjika inavunjika na vipande vya kuchoma. Kuko siku kipande iliruka ikapita karibu na jicho ya mwenzangu, tukasimamisha antreneman pale pale, hakuna mwenye alicheka. Rotini yenyewe haivunjiki vile, inachanika nyuzi nyuzi polepole, unafunga na skochi unaendelea wiki mbili.

Sasa uzuri. Zoezi yenye batu bote banapenda ni sinawali, na ile jina inatoka ku sawali, ukuta ya mianzi ya kusuka yenye iko ku manyumba ya kule. Ukiisha kuona mama anasuka mukeka umeisha kuelewa nusu: moja inapita juu, ingine chini, na mikono haigongane. Chukua ile ya mapigo sita. Mukono wa kuume iko juu ya bega na fimbo, wa kushoto unaficha fimbo yake chini ya kwapa ya kuume. Kuume inapiga kutoka inje kuingia ndani, kushoto inatoka chini ya kwapa inapiga kurudi inje, kuume inapiga kurudi inje. Tatu. Sasa umejikuta upande ingine, fimbo ya kuume njo iko chini ya kwapa ya kushoto, unarudilia vile vile ukianza na kushoto. Sita. Mwenzako anafanya ile ile mbele yako na fimbo zinakutana katikati. Fanya polepole mpaka usikie sauti iko sawa, kama unasikia tak-tak… tak, kuko mukono moja yenye iko nachelewa na kwa kawaida ni kushoto.

Batu ya "mi nataka kupigana tu" banadharau hii zoezi na hapo ndipo banakosea. Mukono ya kushoto ya mutu mwenye hajafanya sinawali iko kama mugeni mu mwili yake. Tena kuko kitu haisemwake: mutu anarudi ku antreneman juu anapenda. Nilikuwa na kipindi tulifanya kupigana tupu, kila jioni kaske na michubuko, tulianza 14, nyuma ya miezi mbili tulibakia 4, na bale 4 walikuwa na mabega ya mawe, hakuna mwenye alikuwa anaweza kugeuza kifundo cha mukono vizuri.

Lakini sasa nipige hadisi ya kidole gumba yangu.

Kulikuwa kijana wa chukudu, ile trotineti kubwa ya mbao ya kubeba mizigo, anapandishaka magunia ya makala na viazi kila siku, mikono kama mizizi. Alikuja kutuangalia mara mbili, mara ya tatu akasema na yeye anataka kujaribu. Nikamupatia fimbo yenye tulifunga na sponji ya matela ya zamani, nikajiweka mbele yake vizuri, muguu mbele, fimbo juu, nikamuambia piga vile unataka. Mi nilikuwa na miaka sita ya mazoezi. Nikangojea pigo ya kwanza, ile ya kichwa, juu ku zoezi zetu zote pigo ya kwanza inakuyaka ku kichwa. Ye hakujua ile hesabu. Aliona kitu yenye iko karibu yake, na kitu yenye ilikuwa karibu ilikuwa mukono yangu. Paf, ku kidole gumba, na fimbo yangu ikaanguka chini mbele ya kulasi yote. Sponji haikusaidia sana. Akaniuliza na heshima yote, "Yaya, nimekosea?"

Hakukosea. Alifanya ile kitu ya zamani kabisa ya ile mchezo. Batu ya eskrima ya mbele walikuwa banapiga mukono yenye inashika silaha, banasemaka ni kutosha nyoka meno: nyoka bila meno iache itembee. Shida ni kwamba ukijifunza vile, banafunzi banavunjika vidole na banakimbia. Remy Presas, ule mwenye alitengeneza Modern Arnis, njo alieneza sana ile namna ya kugongesha fimbo na fimbo mu mazoezi badala ya mukono, ili batu bajifunze bila kuumia. Ni akili nzuri sana, bila ile mi nisingekuwa na vidole ya kuandika hii. Ila ni mapatano. Fimbo inagonga fimbo juu tumepatana, na mutu wa barabarani hajapatana na wewe.

Kwa hiyo njo hivi tunafanyaka tangu ile siku, na iko natusaidia. Tunachukua kitu moja, moja tu, kwa jioni moja, na tunaipitisha mara tatu.

Mara ya kwanza tunaipitisha na uzuri yake yote. Hesabu, mudundo, muguu kwa muguu, kama unataka weka muziki. Hapa hatuangaliake nani ana nguvu, tunaangalia kama bega imelala chini na kama fimbo inatoka fasi inapaswa kutoka. Dakika 30 hivi.

Mara ya pili tunavunja hesabu. Ile ile sinawali ao ile ile kuzuia, lakini mwenzako anaweza kusimama katikati, anaweza kurudilia pigo moja mara mbili, anaweza kuruka ya tatu. Halafu anasogea mita moja nyuma, ao anaingia mpaka unasikia pumzi yake. Utaona mutu mwenye alikuwa malaika dakika tano mbele anageuka mbao. Usimucheke, ni hapa anajifunza. Ba Balintawak banafundisha hivi karibu maisha yao yote, mwalimu anapiga bila kusema nini inakuya, na mwanafunzi anajibu.

Mara ya tatu ni kaske ya pikipiki ku kichwa, glavu za kazi, fimbo ya sponji, na mwenye kushambulia anapewa kazi moja: apige mukono, ao achukue begi yenye uko umebeba, ao akusukume ku ukuta. Wewe kazi yako si kumushinda. Kazi yako ni kufika ku lango. Sekunde 10 ao 15, kisha simama, pumua, ingine. Fanya hata sita ya hizo na utaelewa mapafu yako iko wapi. Na utaona kitu: mu zile mapigo zote nzuri, kunabakia mbili ao tatu, zile za kukata kutoka inje na ile ya kurudi, na miguu. Hizo mbili ao tatu ziandike. Wiki yenye inafuata, mu mara ya kwanza, uzirudilie na uzuri yote. Hapo sasa uzuri iko na kazi.

Nafasi kidogo juu ya hubud-lubud, ile zoezi ya mikono yenye banasemaka maana yake ni kufunga na kufungua, mikono inazunguka mbele ya kifua kama batoto banacheza makofi. Ni tamu, naipenda kupita zote. Na inadanganya kupita zote, juu inakufundisha kusimama mbele ya mutu kwa umbali yenye kisu inafika bila shida. Fanya, mikono ijifunze kusikia, lakini kila nyuma ya mizunguko kama minane moja wenu asukume na atoke. Lazima kutoka. Zoezi yenye haina mulango wa kutoka inakufundisha kubakia.

Ardhi pia. Bale banajifunza ku tapi banaonesha miguu mizuri ya pembe tatu, sawa, lakini fasi mingi za Goma unatembea juu ya mawe ya volkano, kuko ile ya 2002 mpaka leo katikati ya muji, na ukianguka pale goti inabaki pale. Mara moja kwa wiki tunatoka inje ya semento, tunafanya inje na viatu vya kila siku, si sandali ya antreneman. Fupisha hatua. Usiruke. Ile kuzunguka kwa nyuma yenye inapendeza ku video, mi niliiondoa kabisa ku upande wa kujilinda, naiweka tu ku siku ya maonyesho.

Na ujaribu na vitu vya mukononi. Paraplui yangu ilivunjika pigo ya pili, nikajua. Funguo ni fupi sana. Begi mbele ya kifua inasaidia kuliko zote mbili, juu inakuachia nafasi ya kukimbia. Kisu ya kutembea nayo mu mufuko hapana, nasema hapana hata kama unajua kuitumia, itakutafutia shida yenye haikukuwa inakutafuta.

Ku ile upande ya kujilinda, sehemu kubwa haina fimbo hata kidogo na siwezi kuificha juu mi ni mwalimu wa fimbo. Usiku umeme ikikatika mu karatiye, simu haitoke mu mufuko. Ukisikia hatua nyuma yako, vuka barabara, ingia fasi kuko batu, hata kwa mama mwenye anauzisha maandazi. Mutu akiwa na bunduki, patia. Simu, franga, koti, patia yote, mikono inaonekana, usiangalie sana macho. Hakuna sinawali ya risasi na mwalimu mwenye anakuambia iko, mulipe mwezi yake uende.

Kwa bale banapenda danse na hawataki hata kusikia kaske, nabaheshimia, ni sawa kabisa, kuko na mama moja kwetu wa miaka 50 na kitu anakuyaka kwa mabega tu, na carenza yake, ile ya kucheza peke yako na kivuli, inapita yangu. Lakini hata yeye nilimuomba kitu moja kidogo. Unapocheza peke yako nyumbani, usipige hewa tu. Weka kamba ku muti, funga mafundo mbili, moja urefu wa kichwa na moja urefu wa mukono yenye inashika silaha, na kila pigo ya tatu ipite ku ile ya chini. Mudundo haiharibike, mwili unakumbuka iko natafuta nini. Mwezi ya kwanza utakosa ile fundo mara mingi. Yeye sasa anaigonga akiwa anaongea na mujukuu.

Kijana wa chukudu alibakia na sisi. Kupigana kwake haikubadilika sana, bado anatafuta mukono kwanza, na bado batu banamuogopa mara ya tatu ya jioni. Lakini kitu anapenda ni ile ya mapigo sita, anasema anaifanyaka mu kichwa akiwa nashuka na mzigo. Juzi nilikuwa napanga fimbo kando ya ukuta, akakuya akaniomba nimuongezee ile ya fimbo mbili yenye inageuka katikati. Nikamuambia sawa kadogo, vaa glavu kwanza.