Namna ya Kutafuta Chanzo Kompyuta Uliyoiunda Nyumbani Inapozimika Ovyo

Kompyuta iliyoundwa nyumbani kwa vipuri vilivyonunuliwa kimoja kimoja ikianza kuzimika yenyewe, mwenye nayo aghalabu hukimbilia kununua pawasaplai mpya, yaani kile kisanduku cha ndani kinachovigawia vipuri umeme. Kwa sisi tulioko Tabora uamuzi huo ni ghali, kwa kuwa vipuri vingi huagizwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi, na kipuri kikifika kikabainika kuwa hakikuwa na hatia, kukirudisha ni usumbufu mwingine. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, jibu swali moja: kompyuta huzimika wakati gani? Weka daftari karibu na meza, na kila inapozimika andika saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, kama taa za nyumba zilififia, na kama ilikubali kuwaka tena papo hapo au iligoma. Kurasa chache za daftari hilo zitakuongoza vizuri kuliko ushauri wowote wa kubahatisha.

Tenganisha kwanza aina za kuzimika. Kompyuta inayoonyesha skrini ya bluu na kujiwasha upya mara nyingi ina hitilafu ya RAM (kumbukumbu ya muda), ya diski au ya programu zinazoendesha vifaa. Ile inayofunga programu zake kwa utaratibu na kuzima imeamriwa kufanya hivyo. Ile inayokatika mara moja, mithili ya mtu aliyechomoa waya ukutani, kwa kawaida ina tatizo la umeme au la joto, na ndiyo inayozungumziwa zaidi hapa. Kwenye Windows, fungua Event Viewer uangalie kumbukumbu za mfumo: namba 1074 humaanisha kuwa kuna mtu au programu iliyoagiza kompyuta izime, ilhali namba 41 na 6008 humaanisha kuwa ilizimika bila kuaga. Wengi wakiiona namba 41 hudhani wamempata mkosaji, lakini namba hiyo huandikwa kompyuta inapowaka tena na husema tu kwamba haikuzimwa kwa utaratibu. Haisemi kwa nini.

Umeme wa ukutani uchunguzwe kabla hujafungua skrubu hata moja. Kiwango chetu nchini ni volti 230, lakini nyumba iliyo mwishoni mwa laini, au inayotumia transfoma moja na karakana ya kuchomelea vyuma au mashine ya kusaga, inaweza kupata pungufu sana kwa saa fulani za siku. Multimita ya kawaida, kile kifaa cha kupimia umeme, inatosha: iweke kwenye volti za AC, kwenye kipimo kinachozidi 250, hakikisha nyaya zake hazijachubuka, kisha pima soketi asubuhi, mchana na jioni majirani wanapopika na kuwasha taa, ukiandika kila jibu karibu na saa za kuzimika. Baada ya hapo soma lebo ya pawasaplai yako. Iliyoandikwa volti 100 hadi 240 huvumilia mteremko mkubwa wa umeme, lakini iliyoandikwa 200 hadi 240 haikuundwa kwa ajili ya soketi inayoshuka chini ya 180, na kuzimika kwake hapo si ubovu. Pawasaplai za zamani huwa na swichi ndogo nyuma ya kuchagua 115 au 230; hapa kwetu lazima iwe 230 daima, kwa maana ikiwekwa 115 itaungua mara utakapoiwasha.

Soketi zenyewe pia zina makosa yao. Ekstensheni ya bei nafuu yenye plagi inayochezacheza, hasa ikiwa imebeba pia friji au pasi, hukata umeme kwa kitambo kidogo sana ambacho jicho halioni lakini kompyuta inakihisi. Chomeka kompyuta peke yake kwenye soketi ya ukutani kwa siku kadhaa uone kama tabia imebadilika.

Hali kadhalika UPS (kifaa chenye betri cha kuishikilia kompyuta umeme ukikatika), ambayo wengi huiamini kupita kiasi. Betri yake ya asidi huchoka, na joto huiharakishia kuchoka, ila UPS huendelea kuonyesha taa ya kijani kwa sababu umeme wa ukutani bado upo. Siku umeme unapocheza kidogo, UPS hugeukia betri iliyokufa na kompyuta huzimika hapo hapo, kisha lawama zote humwangukia pawasaplai. Njia ya kuijaribu ni rahisi: ondoa kompyuta, chomeka balbu ya zamani ya wati 60 au 100 kwenye UPS, kisha chomoa UPS ukutani, balbu ikizimika mara moja, badilisha betri. Kumbuka vilevile kwamba namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni VA (volti-ampea) wala si wati. UPS nyingi za VA 650 hubeba wati zisizofika 400, na hizo hutakiwa kutosha kompyuta pamoja na skrini yake.

Umeme ukiwa safi, geukia joto. Kati ya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, chumba cha Tabora chenye paa la bati lisilo na dari huwa na joto kali mchana, na kila nyuzi inayoongezeka chumbani huongezeka takriban vivyo hivyo kwenye prosesa, kipuri kinachofanya mahesabu yote ya kompyuta. Prosesa nyingi za mezani hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 90 hadi 100 za Selsiasi, kutegemea aina, na joto likiendelea kupanda hukata kila kitu ili zisiungue. Dalili yake ni kwamba kompyuta hutulia alfajiri na kusumbua alasiri, na ukiiwasha baada ya kuzimika hukubali lakini huzimika tena mapema zaidi. Tumia programu kama HWiNFO, uiamuru iandike vipimo kwenye faili wakati kompyuta ikifanya kazi nzito; ikizimika, mstari wa mwisho wa faili hilo utakuonyesha joto lilikuwa nyuzi ngapi.

Kama ni joto, chanzo mara nyingi kiko mahali pa wazi. Ondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kasha, na usiliegemeze kasha ukutani. Vumbi jekundu la kiangazi huziba mapezi ya chuma yaliyo chini ya feni. Litoe kwa brashi laini na kavu, ukiwa umechomoa waya wa umeme na kuzishika feni zisizunguke. Sishauri kabisa kupeleka kasha kwa fundi wa magurudumu alipulize kwa kompresa yake, kwa sababu hewa ile hutoka na maji na huwa na nguvu ya kuvunja vitu vidogo. Halafu kagua jinsi feni ya prosesa ilivyofungwa. Zile zinazokuja na prosesa za Intel huwa na miguu minne ya plastiki ya kusukuma, na mguu mmoja usioingia sawasawa hutosha kuinua upande mmoja, kwa hiyo tazama nyuma ya mazabodi (bao kuu linalobeba vipuri) uhakikishe yote minne imetokeza. Ukiifungua, hakikisha hakukuwa na karatasi ya plastiki iliyosahaulika chini yake, futa pesti ya zamani (ute unaopitisha joto kati ya prosesa na chuma cha feni) kwa spiriti safi isiyo na mafuta, acha pakauke, kisha weka pesti mpya kiasi cha punje ya choroko katikati.

Joto likiwa la kawaida na bado inakatika, ndipo pawasaplai ihojiwe, na mahojiano hayo yaanzie kwenye lebo. Usisome wati kubwa za mbele. Soma ampea za mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya picha hula hapo. Pawasaplai inayojiita ya wati 500 lakini ina ampea 18 tu kwenye volti 12 hutoa wati 216 upande huo, na ukiipa kadi kama RTX 3060, ambayo peke yake huhitaji wati 170, umeshaimaliza. Ithibitishe kwa majaribio matatu: endesha Prime95 inayochosha prosesa, halafu FurMark inayochosha kadi ya picha, kisha zote mbili kwa pamoja. Kompyuta inayohimili kila moja peke yake lakini ikakatika zinapoungana, huku joto likiwa zuri, imeishiwa nguvu za pawasaplai. Dalili nyingine ni kugoma kuwaka mpaka uzime swichi ya nyuma na kusubiri, kwani pawasaplai nyingi zikijikinga hujifunga hivyo. Ukiweza kufikia waya wa njano na mweusi wa kiungo cha diski za zamani, pima wakati wa jaribio. Chini ya volti 11.4 ni nje ya kiwango cha ATX, kanuni zinazofuatwa na pawasaplai nyingi za mezani. Lakini usiifungue pawasaplai yenyewe kamwe. Kapasita zake hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa, na umeme huo unaua.

Kuna kundi la makosa ya uundaji ambayo hujitambulisha haraka. Kompyuta inayozimika sekunde nne au tano baada ya kuwashwa, kila mara, huenda kitufe chake kimenasa ndani. Chomoa waya wa kitufe kwenye mazabodi, na uiwashe kwa kugusanisha pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi. Inayokatika ukisogeza kasha ina waya uliolegea au skrubu iliyodondoka nyuma ya mazabodi: itoe mazabodi, uilaze juu ya boksi la karatasi, uijaribu huko nje. Sukuma upya pia kiungo cha pini 24 na kile cha prosesa mpaka visikike vikinasa.

RAM huleta zaidi skrini za bluu kuliko kukatika, hivyo kuendesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku mmoja, baada ya kurudisha BIOS (programu ya msingi ya mazabodi) kwenye mipangilio ya kiwandani, inatosha kuiondolea shaka.

Katika yote haya badilisha kitu kimoja kwa wakati, na ukiweza azima pawasaplai ya rafiki kabla ya kuagiza yako. Unapoagiza, mwandikie muuzaji ampea za volti 12 unazotaka, idadi ya viungo vya pini 8 (vya prosesa na kadi ya picha), na kwamba lebo isome volti 100 hadi 240. Mwombe akutumie picha ya lebo yenyewe kabla hujalipa, na mkubaliane mapema nani atagharamia nauli ya kuirudisha.