Ukichagua ramani ya Cities: Skylines, angalia maji na njia za kuingilia kabla ya picha

Wadau wa gemu za kujenga miji, hasa nyie wa Kigoma na Tabora ambao kila siku ni "kaka nitumie mapu kali", hili ndo jibu langu kwa wote, kumjibu mmoja mmoja nimechoka. Naongelea Cities: Skylines ile ya kwanza, ya 2015, waliyotengeneza Colossal Order wa Finland, kwa sababu ndo inayokubali kwenye laptopu zetu. Ya pili ilitoka Oktoba 2023 na inataka RAM ya GB 8 kwa kuanzia, wenyewe wanashauri 16, sasa kama mashine yako ni ile ya mtumba iliyotoka ofisini kwa watu basi tulia na ya kwanza, haijaisha utamu.

Ukiingia Steam Workshop, ile sehemu ya Steam ambako wachezaji wanaweka ramani walizotengeneza, ramani ni nyingi mpaka kichwa kinauma, na kila mtu kaweka skrinshoti ya jua linazama nyuma ya milima, maji yanang'aa, ukungu kidogo. Usichague kwa hiyo picha. Aliyepiga kaiweka kamera anapotaka yeye, wewe utakaa miezi unaangalia mji kutoka juu unahangaika na foleni.

Mi huwa nawaambia watu wafikirie Kigoma na Tabora. Kigoma kwa picha hakuna wa kuigusa, ziwa lile, milima inashuka mpaka majini, Bangwe inaingia ziwani, raha. Lakini kwa kujenga, ardhi ya bapa ni ya kutafuta mpaka usogee Ujiji kule kwenye bonde la Luiche, na reli ni moja tu inayoingia, tena ndo mwisho wa reli. Tabora kwa picha mtu anapita bila kuangalia mara mbili, ni tambarare na miombo, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, ziwa hakuna. Ila Tabora ndo reli zinakutana, ya Dar, ya Mwanza, ya Kigoma, na kiwanja kipo mpaka unachoka. Karibu kila ramani utakayoikuta ina undugu na mmojawapo wa hiyo miji miwili, kwa hiyo kabla hujadaunilodi jiulize unataka shida ya aina gani, ya kukosa ardhi au ya kukosa maji.

Sasa namba, chache tu. Ramani nzima ni kama kilomita 17.28 kila upande, imegawanywa viwanja 81, kila kimoja kilomita 1.92 kwa 1.92. Bila modi, yani vile vinyongeza vya kubadilisha gemu, unaruhusiwa kununua viwanja 9 tu, tena kutoka kwenye vile 25 vya katikati. Yani ule mlima mzuri wa kwenye picha kama uko pembeni ya ramani hutaugusa maisha, utaishia kuuangalia tu. Kuna modi zinafungua 25 au zote 81 lakini laptopu itakulilia. Kwa hiyo angalia KATIKATI ya ramani pana nini, pembeni ni mapambo.

Ukishaipata, kwenye ukurasa wa kuanza mji mpya gemu yenyewe inakuonyesha asilimia ya eneo linalojengeka, rasilimali zilizopo na njia zinazoingia kutoka nje. Ile asilimia inasaidia ila isikudanganye, ramani mbili zinaweza kuwa na asilimia sawa, moja tambarare yake iko pamoja, nyingine imekatwakatwa vipande na mito na vilima na kila ukitaka kuvuka ni daraja, na daraja ni hela. Unaanza na 70,000 tu, madaraja mawili matatu umeisha. Na kwenye miteremko barabara inapanda vibaya, nyumba zinajichimbia makorongo chini, mji unaonekana kama umekaa juu ya ngazi. Tangu 2016 kuna zana za kusawazisha ardhi ndani ya gemu lakini udongo ni wa kuhesabu, unachochimba huku ndo unachomwaga kule, na hela inatoka, usije na matumaini ya kusawazisha kilima chote.

Haya, maji. Hapa nitakaa kidogo maana ndo wengi wanapofia.

Kuna dogo mmoja hapa Mwanga, Kigoma, alikuja na laptopu yake, ramani nzuri tu, ziwa kubwa katikati, mji umefika watu wa kutosha. Ananiambia, "Kaka, hawa watu wangu wanaumwa wote, hospitali zimejaa, nimejenga nyingine mbili bado wanakufa." Nikamuuliza maji taka anamwaga wapi. "Hapo hapo ufukweni kaka, pembeni ya pampu, si ziwa kubwa?" Tukafungua ule mwonekano wa maji, ufukwe mzima kahawia, na ule ukahawia unaelekea kwenye pampu kama umeitwa.

Na kweli umeitwa. Kwenye hii gemu maji yanatembea, yana vyanzo aliotega mtengeneza ramani na yana pa kutokea. Mtoni uchafu unashuka na mkondo, kwa hiyo pampu unaweka juu, bomba la maji taka unaweka chini, mambo yameisha. Ziwa lililotulia halina pa kupeleka uchafu, na pampu yenyewe inavyovuta inatengeneza mkondo wake, ukiweka bomba karibu unajinywesha mwenyewe. Kwa hiyo ramani ya ziwa uitake iwe na mto unaoingia upande mmoja na mlango wa kutokea upande wa pili, kama Tanganyika inavyopokea Malagarasi huku kwetu halafu inatoa maji kwa Lukuga kule Kalemie ng'ambo. Ziwa lisilo na mlango ni bwawa la maji taka linalosubiri siku yake.

Ramani za aina ya Tabora nazo zina kitimtim chao. Maji ya kunywa si tatizo kihivyo, kuna mnara wa maji unaovuta chini ya ardhi, unauweka popote ili mradi mbali na viwanda maana ardhi ikichafuka na mnara unachafuka. Tatizo ni maji taka. Bomba lile la mwanzo lazima likae ukingoni mwa maji, ardhi kavu halikubali. Kwa hiyo hata ramani kavu hakikisha kuna kijito kinachopita, tena kiwe ndani ya kiwanja cha kuanzia au jirani yake, manake kiwanja cha kuanzia huchagui wewe, kachagua mtengenezaji. Tabora halisi ina bwawa la Igombe na sa hivi wanapata maji ya Ziwa Victoria, wewe kwenye gemu huna mradi wa kukuletea maji kutoka mkoa mwingine.

Ramani nyingine ukifungua tu maji hayajatulia, yanaanza kujaa, barabara ya kwanza inazama hata hujajenga nyumba. Hizo zinajulikana kwenye komenti, soma komenti za karibuni, watu wanalalamika wazi wazi. Kama unapenda bwawa la umeme, tafuta mto wenye kasi unaopita kwenye bonde jembamba, na ujue kwamba ukiziba maji yanapanda nyuma ya bwawa, ardhi ya juu usiijenge kwanza.

Baada ya maji ni njia za kutoka nje. Kila kitu kinaingia kupitia hizo, watu wanaohamia, mizigo, watalii. Ramani yenye haiwei moja tu inayoingia ni foleni ya uhakika mji ukikua, malori yote yanaletwa na mdomo mmoja. Mi naangalia haiwei angalau mbili zenye pande tofauti. Reli hivo hivo. Reli moja inatosha kuanza, lakini treni za mizigo kutoka nje zikianza kumiminika kwenye reli ile ile inayobeba abiria unaona treni zimepanga foleni mpaka nje ya mji, hapo ndo utakumbuka Tabora. Ramani yenye reli mbili au tatu zinazokutana unatenga moja ya mizigo moja ya abiria, unalala usingizi.

Bandari sasa, maana wa Kigoma lazima mtataka bandari. Meli hazipiti popote kwenye maji, zinafuata mstari aliouchora mtengeneza ramani, na bandari inabidi ikae ufukwe ulio karibu na ule mstari. Kuna ramani zina maji mengi kabisa na mstari wa meli haupo, au upo mbali kule ambako hutanunua kiwanja. Ukiona kile kialama cha meli kwenye ukurasa wa kuanzia usiridhike, fungua ramani uone mstari unapita wapi, na kama ufukwe wake ni bapa au ni jabali.

Rasilimali sitaongea sana. Mafuta na madini yanaisha, misitu na ardhi ya rutuba haiishi, basi ukitaka mji wa muda mrefu chagua ramani yenye msitu na shamba karibu na reli. Mwonekano wa ardhi ni ladha yako, ukitaka pafanane na kwetu kuna ule wa kitropiki.

Kitu kingine kinachowaumiza watu ni bando. Faili la ramani lenyewe si kubwa, shida ni yale mengine linayoyadai. Pembeni ya ukurasa wa ramani kuna orodha ya vitu vinavyohitajika, modi, asseti za barabara, miti, madaraja, mwonekano. Kama orodha ni ndefu acha, kwanza utamaliza bando, pili RAM, tatu siku modi moja ikiacha kufanya kazi mji wako haufunguki. Cheki pia kama inadai DLC, yani nyongeza rasmi ya kununua, ambayo huna. Na miti! Gemu ya kawaida mwisho wake ni miti 262,144, kuna watu wamejaza msitu mpaka juu ya hapo na wanataka uweke modi ya kuongeza, laptopu inawaka moto kama pasi kabla hujajenga hata choo. Ramani iliyo safi, haina inachodai, ndo ya kwetu.

Kabla hujaanza mji wa kweli, jaribu. Kati ya modi zilizokuja na gemu yenyewe kuna mbili, moja ya hela isiyoisha na nyingine ya kufungua vitu vyote. Washa hizo mbili, anza mji wa uongo, weka pampu, weka bomba, vuta barabara mpaka mlimani, weka bandari, iache ikimbie kwa spidi ya juu huku unakunywa chai. Nusu saa inatosha kujua. Ikikataa futa tafuta nyingine, hujapoteza kitu.

Najua kuna mtu atauliza kuhusu kutengeneza Kigoma yenyewe. Inawezekana, editori ya ramani ya gemu inapokea picha ya kijivu inayoonyesha miinuko, ya piseli 1081 kwa 1081, biti 16, kila piseli ni mita 16, na data za miinuko za setilaiti ni za bure. Mji na Ujiji vinaingia vizuri, Gombe inabaki nje. Ila jua mambo mawili. Setilaiti inaona uso wa ziwa tu, kwa hiyo ziwa litatoka bapa kama uwanja wa mpira, kulichimba ni kazi yako. Pili, uso wa ziwa uko mita 773 hivi na paa la gemu ni mita 1,024, usipopunguza namba milima ya nyuma inakatwa vichwa. Ishushe ramani nzima, ziwa ulibakishie mita mia hivi za kuchimbia, halafu maji uyapandishe mpaka hapo. Kina halisi cha mita 1,470 sahau.

Mashine ikiwa chovu kabisa kuna SimCity 4 ya 2003, bado tamu, na kule ramani ya mkoa mzima inapangwa na kapicha kadogo kanaitwa config.bmp, nyekundu ni mji wa kilomita 1, kijani 2, bluu 4. Chagua mikoa yenye bluu nyingi, miji midogo inabana.

Mkiwa marafiki wenye gemu halali, mmoja adaunilodi kwa bando la usiku halafu mpeane kwa flashi. Ingia folda la Steam, steamapps, workshop, content, 255710, utakuta mafolda ya namba, ndani kuna faili la .crp, hilo unalikopi kwenye folda la Maps lililopo ndani ya Colossal Order, Cities_Skylines, kwenye AppData Local. Na ukiwa kwenye ukurasa wa kuanza mji, kabla hujabonyeza, weka tiki pale pa magari kupita kushoto kama kwetu, maana mji ukishaanza hakuna pa kubadilisha.